Mali Bila Daftari: Mazungumzo Kuhusu Betri ya Sola Nyumbani

Maneno yaliyotolewa na maofisa wetu katika mikutano ya watumiaji vijijini



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho tayari, na wengine mnakusudia kukinunua baada ya mavuno: betri ya sola. Umeme wa gridi umefika katika vijiji vingi kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, lakini si kila nyumba iliyo karibu na nguzo, na si kila kitongoji kimefikiwa. Kwa aliye mbali na waya, paneli juu ya bati na betri pembeni ya chumba ndiyo taa, ndiyo redio, na mara nyingi ndiyo kazi yake.

Kabla ya kuwashauri, yatupasa tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulipiga kambi ya siku nne karibu na kijiji kisicho na umeme, kwa kazi hii hii ya kutoa elimu kwa watumiaji. Gari letu lilikuwa na betri moja. Usiku wa kwanza tuliunganisha inveta ndogo kwenye betri hiyo, tukawasha taa mbili, tukachaji simu zetu sote, na kompyuta mbili zikafanya kazi hadi saa 5 usiku. Asubuhi dereva akawasha gari; likatoa mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Vijana wa kijiji walitusukuma mpaka injini ikawaka. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama kutoka barazani alituuliza kwa upole, “Sasa wanangu, ninyi ndio mliokuja kutufundisha matumizi ya umeme?”

Hatukuwa na jibu. Tulipoketi na kujichunguza tuliona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hesabu: betri ina kiasi gani, sisi tunatumia kiasi gani, na kitarudishwa lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Betri ni mali ya namna hiyo.

SHAMBA, GHALA NA WALAJI

Mtambo wa sola si mgumu kuueleza kwa mkulima. Paneli ni shamba: ndiyo inayozalisha. Betri ni ghala: haizalishi chochote, inahifadhi tu kilichovunwa. Taa, redio, televisheni na simu ni walaji. Kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, ni mlinzi wa ghala: mchana huzuia mazao yasimwagike ghala linapojaa, na usiku hufunga mlango walaji wanapozidi.

Makosa mengi tunayoyakuta hutokana na kusahau jambo moja. Mtu akiona umeme haumtoshi hununua betri kubwa zaidi. Lakini kujenga ghala kubwa hakuongezi mavuno ya shamba. Ikiwa paneli ni ile ile, betri kubwa haitajaa, na betri isiyojaa mara kwa mara hufa mapema.

Tena kuna tofauti moja kati ya ghala la mahindi na betri. Ghala unaweza kulifagia hadi punje ya mwisho, nalo halidhuriki. Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo ya kawaida nyumbani mwetu, haikubali kufagiliwa. Aina hii ya betri ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tabia yake haijabadilika sana tangu siku hizo. Inapotoa umeme, bamba zake za risasi huvikwa utando wa chumvi iitwayo salfeti. Ukiichaji mapema, utando huyeyuka na kurudi katika asidi. Ukiiacha tupu kwa siku kadhaa, utando huo hugeuka kuwa mawe madogo magumu yasiyoyeyuka tena. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na mawe hayo imekufa, nayo haifufuki kwa chaji wala kwa maombi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: katika betri ya risasi, nusu ya juu ni chakula na nusu ya chini ni mbegu. Anayekula mbegu atashiba leo, lakini msimu ujao hana cha kupanda.

HESABU YA KINYOZI

Sasa tuingie katika hesabu. Wengine huiogopa, lakini ni kuzidisha na kujumlisha tu, kama hesabu ya duka.

Nguvu ya kifaa hupimwa kwa wati, na huandikwa nyuma yake au kwenye chaja yake. Ukizidisha wati kwa saa za matumizi unapata wati-saa. Hicho ndicho kiasi kilicholiwa. Betri nayo huandikwa volti na ampea-saa. Zidisha hizo mbili. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ondoa nusu ya mbegu. Zinabaki wati-saa 600 za kutumia.

Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Asubuhi na jioni jua ni la pembeni, mchana kuna mawingu, joto na vumbi. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu, siku njema ya kiangazi ni sawa na saa 5 hivi za jua kamili. Ukitoa upotevu wa njiani, paneli ya wati 100 huleta kama wati-saa 350 kwa siku.

Katika mkoa wa Singida tulimkuta kinyozi mmoja kijana, mwenye bidii na adabu. Alikuwa na paneli mbili za wati 100, betri moja ya ampea-saa 100 na inveta ya wati 1,000. Katika miaka miwili alikuwa ameua betri tatu, na kila moja ilimgharimu bei ya mbuzi watatu. Alikuwa na hakika kwamba wauzaji wote ni matapeli. Tuliketi naye chini ya mwarobaini tukaandika matumizi yake ya siku moja.

Mashine mbili za kunyolea, wati 12 kila moja, saa 3: wati-saa 72.
Taa mbili za LED, wati 5 kila moja, saa 4: wati-saa 40.
Simu 12 za wateja, takriban wati-saa 12 kila moja: wati-saa 144.
Televisheni, wati 40, saa 4 za mpira na taarifa ya habari: wati-saa 160.
Redio yenye spika kubwa ya kuvutia wateja, wati 30, saa 10: wati-saa 300.

Jumla ilikuwa wati-saa 716. Paneli zake mbili zilimletea kama 700. Kijana akatabasamu, akasema, “Mnaona? Inakaribia kutosha.” Tukamwuliza huizima inveta saa ngapi. Akasema haizimi kamwe.

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa panya. Inveta ikiwa imewashwa hula hata kama hakuna kifaa kilichochomekwa. Ya kwake ilikuwa ikila wati 12. Zidisha kwa saa 24: wati-saa 288. Kifaa ambacho hakikuwa kinyozi, wala taa, wala mwanamuziki, kilikuwa kinakula karibu sawa na spika. Jumla ya kweli ilikuwa wati-saa 1,004. Kila siku alivuna 700 na kula zaidi ya 1,000. Pengo la wati-saa 304 lilitoka katika ghala, na kwa kuwa ghala lilikuwa na 600 tu za halali, siku ya pili jioni alikuwa ameanza kula mbegu.

Akatuuliza kwa nini mlinzi wa ghala hakumzuia. Swali zuri. Inveta kubwa huunganishwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu kidhibiti kidogo hakiwezi kubeba mkondo wake. Hivyo kidhibiti hakina habari nayo. Inveta nyingi zina kinga yao wenyewe, lakini kinga hiyo hukata umeme volti zinaposhuka hadi karibu 10.5. Kwa betri ya risasi hapo ni chini mno. Ndugu zetu, inveta ikianza kulia, ujue mmechelewa.

Tiba haikuhitaji fedha. Spika kubwa ilirudi kuwa ya siku za sikukuu, na mahali pake pakakaa redio ndogo ya wati 8. Matumizi yake yakawa wati-saa 80. Inveta ikawashwa saa 10 tu kwa siku. Ikala 120 badala ya 288. Jumla mpya: wati-saa 616, chini ya 700 zilizovunwa. Tulipopita tena baada ya masika betri ya nne ilikuwa hai.

Tunawaomba kila mmoja wenu akirudi nyumbani leo achukue ukurasa mmoja wa daftari la mtoto na afanye kama alivyofanya kinyozi huyu. Andika kila mlaji. Usimsahau anayekula kimya.

KIPI KIWAKE KWANZA

Hesabu pekee haitoshi. Kuna siku ambazo hesabu itakataa hata kwa mtu mwangalifu. Wakati wa masika wingu hukaa siku tatu, na mavuno huweza kushuka hadi nusu au chini zaidi. Siku hizo lazima kuwe na uamuzi, na ni bora uamuzi ufanywe mchana kwa utulivu kuliko ufanywe na betri usiku wa manane.

Muuguzi wa zahanati moja alitusimulia usiku ambao hatausahau. Jioni hiyo ya mvua watu walikuwa wametazama televisheni katika chumba cha kupumzikia, na simu za nusu ya kijiji zilikuwa zimechomekwa ukutani. Saa 8 usiku aliletwa mama mwenye uchungu. Mtoto alipokuwa anakaribia kutoka, taa ikazimika. Walimalizia kazi kwa mwanga wa simu ya shemeji yake, ambaye mkono ulikuwa ukimtetemeka. Tunashukuru kwamba mama na mtoto walikuwa salama. Betri ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imetumika katika mambo madogo, na jambo kubwa lilipofika ilikuwa haina kitu.

Wafanyakazi wa zahanati ile waliamua kuitenga betri ya chumba cha kujifungulia, isichomekwe kitu kingine chochote. Nyumbani si lazima kuwa na betri mbili, lakini ni lazima kuwa na orodha. Gawanyeni vifaa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vile visivyozimwa: taa moja, simu moja ya dharura, taa ya mwanafunzi. Kundi la pili ni vya kupunguza wingu likitanda: redio, chaji za simu nyingine. Kundi la tatu ni vya siku za jua tu: televisheni, spika, feni. Bandikeni orodha hiyo karibu na swichi, na watoto waijue.

Kwa kinyozi wetu, siku ya wingu mavuno ni kama wati-saa 350. Akiacha televisheni na kupokea nusu tu ya simu za wateja, matumizi yake hushuka kutoka 616 hadi 384. Bado kuna upungufu wa 34, lakini ghala la 600 linaweza kuubeba upungufu huo kwa siku nyingi hadi jua lirudi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya betri: kukuvusha siku mbaya.

Tuongeze jambo kuhusu wakati wa kutumia. Kazi zinazoweza kusubiri, kama kuchaji simu na taa za mkononi, zifanywe kati ya saa 6 na saa 9 mchana, wakati betri inakaribia kujaa na paneli bado inaleta. Umeme unaotumika papo hapo haupotei kwa kuingia na kutoka ghalani. Lakini msijaribu kutumia pasi au birika la umeme. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 83 kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hivyo, hata kiasi ilichonacho haikitoi chote. Pasi ya mkaa bado ina heshima yake.

KUIJUA HALI YA BETRI

Betri haina dirisha la kuchungulia, lakini ina volti. Mnunue kipima volti kidogo, au mwombeni fundi awaazime cha kwake. Pimeni alfajiri kabla ya jua kupanda, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa saa moja au zaidi. Ukipima wakati paneli inachaji utaona namba ya kukufurahisha bure, na ukipima wakati televisheni inawaka utaona namba ya kukuogopesha bure.

Kwa betri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika, 12.7 maana yake imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Hapo ndipo mpaka wa mbegu. 12.0 ni kama robo tu. Ukiona chini ya 12.2 kila asubuhi, usimlaumu muuzaji kabla ya kulifungua daftari lako.

Betri za lithiamu, ambazo sasa zimeanza kuonekana madukani, zina tabia nyingine. Waweza kutumia sehemu nane kati ya kumi au zaidi bila kuidhuru, ni nyepesi, na hustahimili maelfu ya mizunguko ya kujazwa na kutumiwa, wakati ya risasi hustahimili mamia. Lakini bei yake ni kubwa, volti zake hazishuki hatua kwa hatua hivyo kipima volti hakikuambii mengi, na hudai kidhibiti kilichopangwa kwa ajili yake. Usiichomeke mahali pa betri ya risasi bila kumwuliza fundi, na usikubali betri ya lithiamu iliyotengenezwa mtaani kutoka katika vipande vya betri chakavu, kwani huweza kuwaka moto.

MATUNZO

Paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa nchi yetu yote iko kusini mwa ikweta, na iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Kivuli cha tawi moja la mwembe juu ya pembe ya paneli hupunguza mavuno kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kateni tawi. Vumbi lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kioo kikiwa bado cha baridi.

Betri iwekwe mahali penye kivuli na hewa. Joto huila betri polepole: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 za Selsiasi hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Kwa hiyo isikae juu ya dari chini ya bati, wala karibu na jiko. Isikae pia chini ya kitanda cha mtoto. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na ndani yake kuna asidi inayounguza. Usivute sigara wala kuwasha kibatari karibu nayo. Weka fyuzi karibu na ncha ya chanya, ili waya ukigusana na mwenzake isije nyumba nzima ikaungua. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, kisha kimbilia hospitali.

Betri zenye vifuniko vya kufunguliwa zikaguliwe kila mwezi. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri, yaani maji yaliyokenekwa, hadi yafunike bamba. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima, wala ya bomba, kwa sababu chumvi zake huharibu bamba. Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo yatafurika. Betri iliyofungwa isifunguliwe kamwe.

WAKATI WA KUNUNUA

Betri ya kuwasha gari na betri ya sola si ndugu wa tumbo moja. Ya gari ina bamba nyembamba nyingi, imeumbwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiifanyisha kazi ya usiku kucha haitamaliza mwaka. Nasi tuliotaka gari letu liwashe kambi tulilipa ada ya kujifunza hilo. Wenye magari yanayolala porini huweka betri ya pili ya matumizi ya kambi, iliyotengwa na ile ya injini. Nasi sasa tumefanya hivyo.

Dukani, ulizeni mambo haya. Kwanza, ampea-saa zilizoandikwa zimepimwa kwa saa ngapi? Betri iliyopimwa kwa saa 100 huonekana kubwa kuliko iliyopimwa kwa saa 20, ingawa pengine ni ndogo. Linganisheni zilizopimwa sawa. Pili, uzito. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, volti 12, huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi. Ukiinyanyua betri iliyoandikwa 100 kwa mkono mmoja kama ndoo nusu ya maji, maandishi hayo yanahitaji maelezo. Tatu, tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi hujipunguza yenyewe rafuni. Iliyokaa miezi mingi bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Nne, mwombe muuzaji aipime mbele yako. Ikionyesha chini ya volti 12.4, mwachie.

Msichanganye betri mpya na kuukuu katika mtambo mmoja. Ile kuukuu haipati ujana. Ile mpya ndiyo hupata uzee.

Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la bidhaa, na waranti iliyoandikwa, si ya mdomo. Soma waranti inakataa nini. Ikiwa unanunua mtambo kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu, uliza kabla ya kuweka kidole: jumla nitakayolipa ni kiasi gani ukilinganisha na bei ya taslimu? Nikichelewa siku moja mtambo unazimwa? Betri ikifa kabla sijamaliza deni, nani anabeba hasara? Majibu yawe ndani ya mkataba, katika lugha unayoielewa.

Ukiona umedanganywa, anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti. Akikataa, mlango haujafungwa. Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya bidhaa bandia na matangazo ya uongo. Shirika la Viwango Tanzania hushughulikia ubora. Na ile daftari ya hesabu zako itakusaidia huko pia, kwa kuwa itaonyesha kwamba hukuitesa betri.

BETRI IKIFA

Hatimaye kila betri hufa. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa betri iliyokufa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko iliyo hai.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kiunga cha Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu kutafuta risasi ya kuuza. Vumbi lake lilichanganyika na mchanga wa uani. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi. Karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi maradhi kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mtoto aliyemeza risasi hurudi nyuma katika akili na masomo, na dawa haimrudishii chote.

Kwa hiyo msivunje betri uani. Msimwage asidi shambani wala mtoni. Msiyeyushe risasi kwa ajili ya vizito vya nyavu, na kwa hakika si katika sufuria itakayorudi jikoni. Betri iliyokufa ihifadhiwe ikiwa imesimama, mbali na watoto, kisha irudishwe kwa muuzaji. Maduka mengi huipokea na kupunguza bei ya mpya, kwa kuwa risasi iliyomo ina thamani. Mnunuzi wa chuma chakavu akija mlangoni, mwulizeni kama ana kibali cha kubeba taka hatarishi. Kama hana, hiyo elfu chache atakayokupa ni bei ndogo mno.

Ndugu zetu, tumesema mengi. Tuyafunge kwa machache ya kubeba nyumbani. Andika walaji wako. Zima inveta usipoitumia. Pima alfajiri. Usishuke chini ya nusu. Amua mapema kitakachozimwa siku ya wingu. Dai risiti. Na betri ikifa, irudishe ikiwa nzima.

Mzee yule wa barazani tulimwona tena mwaka uliofuata. Alituonyesha ukurasa wa daftari uliobandikwa ukutani kwake, umeandikwa kwa penseli na mjukuu wake wa darasa la sita: taa, redio, simu, na mbele ya kila kimoja hesabu yake. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi kubwa: TAA YA KUSOMEA HAIZIMWI. Tumefundisha katika mikutano mingi, lakini hatujaona muhtasari bora kuliko ule.

Sasa tunakaribisha maswali.